Dakika Ishirini za Pipa

Wifi yangu hakuwa mtu wa kukaa. Naanza na hilo kwa sababu usipolijua hutaelewa lolote katika haya ninayoyaandika, na mimi sina subira ya kueleza jambo mara mbili. Ukimkaribisha kiti, alikishika mgongoni akaendelea kuzungumza amesimama. Vitunguu alimenya amesimama, chai alikunywa amesimama, na simu ya saa nzima aliizungumza akizunguka sebule. Siku kaka yangu alipomleta nyumbani kumtambulisha, mama alimwambia, "Kaa, mwanangu," naye akajibu, "Ahsante mama, nimekaa," huku yuko wima katikati ya chumba kama mwenye mbio zake. Tulimtania kwa jibu hilo miaka na miaka.

Kazi yake ilikuwa usafi katika jengo la ofisi la ghorofa tisa. Ghorofa ya tatu hadi ya sita zilikuwa zake, na zote zilikuwa na mazulia, hata kwenye korido. Chombo chake kilikuwa mashine ya kufyonza vumbi, ile kubwa ya duara yenye magurudumu manne, kimo chake kinafika gotini. Wafanyakazi waliiita Pipa. Wifi alipoivuta nyuma yake koridoni ungedhani anamvuta mtoto anayegoma kwenda shule.

Kaka alikuwa fundi wa kusuka mota. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chini ya ngazi, nyuma ya maduka ya vifaa vya umeme, na ukiingia unapokelewa na harufu ya vanishi. Mota ikiungua, alitoa waya wa shaba ulioharibika, akahesabu mizunguko yake, akasuka mpya kwa mkono, akaupaka vanishi na kuukausha kwa joto la taa. Katika kazi hiyo hakuwa na dogo. Mzunguko mmoja ukipungua, alifumua wote akaanza upya, na mteja asubiri au aondoke, shauri yake. Mashine zote kumi na mbili za jengo lile zilitengenezwa naye. Ndivyo walivyokutana: alikwenda kuchukua mota iliyoungua, akarudi na mke.

Miaka minne iliyopita Wifi alianguka koridoni, ghorofa ya tano. Alipofumbua macho watu wamemzunguka, na neno lake la kwanza likawa, "Nani amezima Pipa?" Aliwaambia ni njaa tu, hakunywa chai asubuhi. Kaka hakukubali, akampeleka hospitali. Daktari aliwaambia wote wawili bila kuzunguka: moyo umechoka. Afanye kazi kidogo, akae, afanye kidogo, akae. Asiposimamisha kazi mwenyewe, moyo utaisimamisha. Kaka alinisimulia haya mlangoni kwangu, maji niliyompa ameyashika mkononi hayanywi.

Wifi alimwambia daktari ahsante, akachukua vidonge, akarudi kazini kesho yake. Tena alimpiga marufuku Kaka kutamka neno moyo mbele ya mtu yeyote wa jengo lile. "Wakijua, wananiondoa," alisema. Hapo sikuweza kumbishia. Mwenzake mmoja aliyeumwa mgongo waliagana naye Ijumaa, na Jumatatu ndoo yake ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Kaka alimbembeleza wiki mbili nzima. Alimwomba, akamtisha, akanituma mimi, nikaenda na mdomo wangu usio na breki, nikarudi mikono mitupu. "Nitakaa nikizeeka," Wifi alituambia. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, anangoja kuzeeka.

Wiki ya tatu mota ya Pipa ikaungua. Kaka akaichukua, akakaa nayo siku tatu badala ya moja, akairudisha jioni nikiwa nyumbani kwao nimekuja kupima nguo. Mimi ni mshonaji. Aliiweka mezani akaifunika kitambaa.

"Sikiliza, mke wangu," alisema. "Nimeisuka, lakini waya wa saizi yake sikupata. Nimetumia mwembamba. Kwa hiyo dakika ishirini inafanya kazi, unazima, dakika kumi inapoa. Ukipitisha hapo inaungua, na safari hii hakuna wa kuisuka."

"Na mimi nifanye nini hizo dakika kumi? Niiimbie?"

"Kaa nayo. Iwekee kiganja mgongoni usikie joto linavyoshuka. Ukizurura utasahau."

Na Wifi akatii! Mwanamke aliyemshinda daktari, mume na mimi, alitii mota. Nilipofikiri baadaye niliona haikuwa ajabu. Alikuwa mkali kwa mwili wake mwenyewe, lakini kwa vitu alikuwa na huruma ya ajabu. Pasi hakuiacha kwenye umeme hata dakika moja ya bure. Viatu vya kazini alivibadilisha siku kwa siku, eti jozi nayo inahitaji kupumua. Alinunua saa ndogo ya jikoni ya kuzungusha, ile inayolia mkate ukiiva, akaitia mfuko wa aproni. Ikilia, anazima Pipa popote alipo, anachuchumaa, anaona magoti hayawezi, anakaa chini kwenye zulia, kiganja juu ya mashine. Ikilia tena, ananyanyuka.

Wakampa jina: Mama Dakika. "Mama Dakika, mgonjwa wako anaendeleaje?" waliuliza wapita njia wenye tai. "Homa inashuka," aliwajibu, na kiganja hakukitoa.

Jioni Kaka akirudi, kabla hata ya kuvua viatu, aliuliza swali moja. "Leo imepumzika mara ngapi?"

"Mara tisa."

"Tisa kweli?"

"Sasa nikudanganye kwa mashine?"

Basi hapo alinawa mikono akala kwa raha. Siku akiambiwa mara nne au tano alikula kimyakimya, akaacha nusu. Niliyaona haya kwa macho yangu zaidi ya mara moja, na nilijiambia kwamba anaona haya kwa kazi mbovu aliyoifanya. Macho ninayo mawili, lakini siku zile yalikuwa ya kutungia sindano tu.

Maneno ya Mama Dakika yalipanda ngazi na kushuka mpaka yakamfikia msimamizi wa jengo. Msimamizi akasema fundi ambaye mota yake haivuki dakika ishirini si fundi. Mashine kumi na moja zilizobaki zikapelekwa kwingine. Kaka hakwenda kujitetea. Nikaenda mimi karakanani, si kumtetea bali kumgombeza.

"Kaka, mikono imekuwa mizito? Fundi wa miaka ishirini na sita unasuka na waya usio saizi yake? Hata mimi siwezi kushona koti kwa uzi wa kanga!"

Alikuwa anahesabu mizunguko, midomo inacheza. Alimaliza kwanza, akaandika namba kwa penseli ukutani, kisha akanitazama.

"Labda," alisema.

Labda! Nilitoka pale nimefura kwa hasira. Namwonea haya kaka yangu, nilisema moyoni, na kwa muda wa miaka mitatu nilimwonea haya kweli. Wateja wangu wakiuliza fundi mzuri wa mota, nilikuwa nakohoa.

Wifi naye alianza kwa utani. Halafu utani ukaota miiba. Kila alipochelewa kumaliza ghorofa, kila aliposemwa, alirudi na neno la kumpa mumewe. Naye alilipokea kila neno na kulimeza. Jumanne moja asubuhi nilipita kwao kuchukua mkasi wangu, nikawakuta mlangoni, Wifi anafunga aproni.

"Fundi gani wewe," alimwambia, "mota yako inachoka kuliko mimi!"

Kaka alicheka. Alicheka kwelikweli, mpaka akajifuta jicho. "Labda," akasema, akachukua mkoba wake akashuka ngazi.

Saa sita mchana walimkuta kichwa kipo juu ya meza ya kazi, na chuma cha kulehemu bado kina moto. Kiharusi, walisema. Mtu ambaye hakuwahi kumeza hata kidonge cha kichwa. Sisi tuliokuwa tunahesabu mapigo ya moyo wa mkewe hatukumhesabia yeye hata moja. Naliandika hili na mkono wangu mzito.

Wifi hakupiga kelele msibani. Siku zote za msiba alisimama; watu walimsihi akae, akawa anagawa vikombe. Siku ya nne alirudi kazini. Mota ya Pipa ndiyo ilikuwa kazi ya mwisho ya Kaka iliyobaki katika jengo lile, na Wifi aliitunza kuliko mwanzo. Dakika ishirini zilikuwa ishirini, kumi zikawa kumi na mbili. "Hii ni mikono yake," aliniambia. "Ikiungua hii, sina tena kitu chake kinachokwenda."

Jioni hakukuwa na wa kumuuliza swali. Mara ya kwanza aliponijia baada ya kazi alisimama mlangoni pangu, akasema mwenyewe, bila kuulizwa, "Leo mara kumi." Nikamwambia chai ipo.

Mwaka uliofuata alikuja msimamizi mpya, mtu wa adabu, sauti ya chini, kalamu tatu mfukoni. Alhamisi moja mafundi ujenzi walikwangua dari la ghorofa ya tatu na vumbi jeupe likalala kila mahali. Siku hiyo hiyo Wifi alikuwa kliniki. Alishaomba ruhusa, akasema ni mambo ya meno. Msimamizi hakungoja. Akaichukua Pipa, akampa msafishaji wa ghorofa ya kwanza, na yule dada, ambaye hakuwa na saa ya jikoni wala habari, akaiwasha saa mbili asubuhi. Hakuizima hata mara moja. Ilinguruma saa mbili, saa tatu, saa nne, saa tano, saa sita. Ilipofika saa saba ikatoa cheche mbili tatu, ikakata sauti.

Wifi alifika saa saba na nusu. Saa tisa alikuwa mlangoni kwangu, mota imefungwa kwenye aproni yake, ameikumbatia. Ndiyo mara ya kwanza kumwona analia tangu mazishi.

"Wameiua, wifi," alisema. "Saa tano nzima! Mota ya kaka yako wameiua."

Niliacha cherehani na nguo ya mtu chini ya sindano. Tukaenda kwa Miwani, fundi ambaye karakana yake inatazamana na ile ya Kaka; walifanya kazi mlango kwa mlango miaka kumi na tano. Tulimwita hivyo kwa sababu miwani yake ilikuwa imefungwa kwa waya wa mota, na yeye mwenyewe hakuona tabu. Aliipokea mota kwa mikono miwili kwa heshima ya marehemu, akaifungua, akasogeza taa. Wifi alisimama nyuma yake kama mtu anayengoja kuitwa ndani kutambua maiti.

Miwani akacheka. "Nani kawaambia imeungua? Tazameni."

Akainua kitu kidogo cheusi, kimebaki kama ukucha. "Kaboni hizi. Ndizo zinazogusa sehemu inayozunguka, na kila ikizunguka zinalika, sawa na chaki. Zimekwisha. Naweka mpya sasa hivi mnaondoka."

"Na waya?" Wifi aliuliza kwa sauti ndogo. "Imekwenda saa tano bila kupumzika."

"Saa tano ni nini? Hii inakwenda kutwa. Zile mashine ndogo za nyumbani ndizo za kuhurumia, kwa sababu hewa ileile yenye vumbi ndiyo inayopoza mota. Mfuko wa vumbi ukijaa, hewa haipiti, nusu saa tu inachemka. Hii ina feni yake pembeni, inajipoza yenyewe. Kitu kitakachoisimamisha ni kaboni kuisha."

"Lakini hii ilisukwa kwa waya mwembamba," nilidakia. "Waya usio saizi."

Miwani akanitazama kana kwamba nimemtukania mzazi. Akachukua kile kipimo chao cha kuzungusha, cha unene wa waya, akabana ncha ya waya, akasoma. Akabana mahali pengine, akasoma tena.

"Nani kasema?" aliuliza. "Huu ndio saizi yake hasa. Mizunguko imelala sawasawa, vanishi mara mbili. Mimi nafanya kazi hii tangu kijana na sijawahi kusuka hivi. Marehemu kasuka hii kama anamsukia mtu anayempenda."

Sikumtazama Wifi. Nilikuwa nasikia swali. Leo imepumzika mara ngapi? Kaa nayo. Iwekee kiganja mgongoni. Na kimo cha Pipa kinafika gotini, huwezi kuiwekea kiganja ukiwa umesimama. Siku tatu alikaa nayo ile mota, na sasa najua alikuwa anatafuta uongo utakaoweza kumkalisha mtu asiyekalika. Alipoupata, bei yake ilikuwa jina lake, nalo akalitoa. Nami nilikwenda karakanani kwake kumwambia mikono yake imekuwa mizito.

Nyuma yangu palikuwa na benchi la mbao la wateja. Nikasikia linalia. Nilipogeuka, Wifi amekaa. Hakukaribishwa na mtu, amekaa tu, mikono mapajani.

"Nilimwambia mota yake inachoka kuliko mimi," alisema. "Asubuhi ile. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Akacheka."

"Alicheka, wifi."

Miwani alivua miwani yake akaifuta muda mrefu.

Mngetaka niishie hapo. Hata mimi ningetaka. Lakini Ijumaa asubuhi tulirudisha mota jengoni, mimi nimeshika upande mmoja wa mfuko, na msimamizi, aliposikia ni kaboni tu zilizokwisha, akatupokea kwa furaha. "Mama, nimeshangaa sana," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Mashine imekwenda saa tano bila kuungua. Kumbe ile habari ya kuipumzisha haikuwa na maana. Basi kuanzia Jumatatu tuiache."

Nilimvuta Wifi pembeni. Dakika kumi zile ndizo zilizomweka hai miaka minne. Hilo tulilijua sasa, yeye na mimi. Nikamrudisha mbiombio kwa Miwani, nikamweleza Miwani kila kitu, moyo, daktari, uongo, nikamwomba aandike cheti: mota hii imesukwa kwa waya usio saizi yake, isiendeshwe zaidi ya dakika ishirini. Sahihi na muhuri.

"Niandike hivyo kuhusu marehemu?" Miwani aliuliza.

"Alijisema mwenyewe kwa miaka mitatu," nilimwambia. "Andika."

Akaandika. Aliandika polepole, akapiga muhuri, akaisukuma ile karatasi kwenye meza bila kuiangalia. Wifi akaisoma, amesimama. Akaikunja mara mbili, akaichana, vipande akavitia kwenye kopo la waya mbovu.

"Nimemtangaza mume wangu jengo zima kuwa hajui kazi," alisema. "Kwa mdomo. Kwenye karatasi yenye muhuri, hapana, wifi. Hapana."

"Utakufa!" nilimfokea. Sioni haya kusema nilimfokea.

"Basi twende nikaseme."

Alipanda ngazi mwenyewe hadi ofisi ya msimamizi, akipumzika kila ghorofa, mkono ukutani. Msimamizi alimkaribisha kiti, naye akakaa. Nilisimama mlangoni.

"Mashine haina tatizo," alisema. "Haijawahi kuwa na tatizo. Imesukwa vizuri kuliko zote kumi na mbili. Aliyeisuka ni mume wangu, na nataka uandike hivyo popote mnapoandika." Akavuta pumzi. "Mota haichoki. Ninayechoka ni mimi. Ni moyo."

Mtu yule hakuwa mbaya. Alifungua kalamu, akaandika, akasoma alichoandika. "Mama, ungesema mapema," alisema, na nadhani aliamini maneno yake. Waliagana siku hiyohiyo, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa. Aproni aliirudisha imefuliwa na kupigwa pasi. Saa ya jikoni ilikuwa yake, akaondoka nayo.

Sasa anaishi kwangu, maana binti yao ameolewa mbali. Ananishonea vifungo, na kwa vifungo hana mpinzani. Amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Kaka angelipa chochote kuuona mkao ule. Jumatatu ile ya kwanza nilirudi kutoka dukani na nyuzi, nikavua viatu, na swali likanitoka kabla sijalizuia.

"Leo imepumzika mara ngapi?"

Alinitazama. Nilidhani atalia, au atanitupia kifungo.

"Kutwa nzima, wifi," alisema. "Kutwa nzima." Kisha akashusha kiganja pembeni ya kiti, kwenye kimo cha Pipa, akakiacha hapo mpaka saa ya jikoni ilipolia mfukoni mwake.